Tusiende Kutia Sahihi Tu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia kutoka upande wa Kitale na Bungoma)

Asanteni kwa kuacha shamba siku ya leo. Najua palizi haingoji mtu, kwa hivyo sitaongea sana.

Nimeombwa niseme juu ya mikutano ya kaunti. Wengi wetu tunakumbuka zamani, wakati Kitale na Bungoma zilikuwa na manispaa zao. Mambo yalipangwa na madiwani, na sisi tuliyasikia baadaye sokoni, siku ushuru umeshapanda. Manispaa hizo zilikwisha mwaka wa 2013, serikali za kaunti zilipoanza. Trans Nzoia ikawa na wadi 25, na Bungoma wadi 45. Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inasema bunge la kaunti lifanye kazi yake wazi na liwashirikishe wananchi. Kwa hivyo ukiitwa kwenye mkutano wa bajeti, hujafanyiwa hisani. Ni haki yako.

Sasa niwaambie yaliyotupata sisi. Ofisi sitaitaja, kwa maana sikuja kushtaki mtu. Mwaka wa kwanza tuliitwa, habari ilitufikia jioni, na mkutano ulikuwa kesho yake asubuhi. Tulienda watu 14 wa kikundi. Tukapewa kitabu kinene cha Kiingereza, soda na mkate. Karatasi ya sahihi ikapita, tukatia. Kila mmoja wetu alisimama akasema lake. Huyu maji, yule zahanati, mwingine barabara, mwingine mbolea. Mimi mwenyewe niliomba walimu wa shule ya msingi. Tulirudi nyumbani tumefurahi kwamba tumesema.

Bajeti ilipotoka, hakuna letu hata moja lililokuwamo. Tulipouliza, tuliambiwa, "Wananchi walikubali, sahihi zao hizi hapa." Na kweli, sahihi yangu ilikuwa pale. Jamani, iliniuma. Kumbe tulikuwa tumeitwa kuhesabiwa.

Tulikaa chini tukajiuliza, tulikosea wapi? Tukaona makosa matatu, na hayo ndiyo nataka mwende nayo nyumbani.

La kwanza, tulibisha mlango usio wenyewe. Walimu wa msingi na polisi ni kazi ya serikali kuu. Kaunti ina zahanati, shule za chekechea, masoko, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji, na barabara za kaunti. Ukiomba kaunti walimu wa msingi, umeipa nafasi ya kukujibu, "hiyo si yetu," na zamu yako imekwisha.

La pili, tulichelewa. Pesa za kaunti zina msimu wake kama mahindi. Mpango wa mwaka unapelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Karatasi inayoonyesha kila idara itapata kiasi gani ni kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti ni kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Ukija mwezi wa tano bado unaweza kuongea mbele ya kamati ya bunge, lakini ugali umeshakatwa, unagombania ukoko. Anzeni mwezi wa nane.

La tatu, hatukuacha maandishi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na maneno vilevile. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Tena kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ukiomba karatasi ya serikali, ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21.

Basi mwaka uliofuata tulichagua jambo moja, kalvati ya mto ambapo watoto wetu wa chekechea huvuka. Mvua ikinyesha, walikuwa wakibebwa mgongoni au kubaki nyumbani. Mama mmoja alihesabu kwa majuma sita siku ambazo watoto hawakuvuka. Tukaandika ukurasa mmoja, tukatuma watu watatu tu, na aliyesema alikuwa mmoja. Nakala yetu ikapigwa muhuri, ikawekwa kwenye faili ya kikundi. Hatukupata mwaka ule. Tuliambiwa pesa hakuna. Tukarudi na karatasi ileile yenye muhuri, na safari hii mjumbe wa wadi alishindwa kusema hajasikia. Leo kalvati iko. Barabara yenyewe bado ni mbovu, siwadanganyi.

Mtu atasema, "Hawa wakubwa hawasikii." Mimi namjibu hivi. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Sheria nzima ya ushuru ilianguka. Na hapa kwetu Bungoma, nani amesahau zile wilbaro kumi za mwaka 2015, kila moja Sh109,320? Jumla yake ni Sh1,093,200. Nchi nzima ilijua kwa sababu bei ilikuwa imeandikwa mahali, na mtu akaisoma. Basi na sisi tusome. Kama kikundi hakina anayejua Kiingereza hicho kizito, kuna kijana aliyemaliza sekondari pale nyumbani. Mpeni kazi.

Nikimaliza, nawaomba kila kikundi kifanye hivi kabla ya mkutano ujao: chagueni jambo moja, hakikisheni ni la kaunti, liandikeni, wekeni nakala yenye muhuri. Na karatasi ya sahihi ikipita, someni kwanza juu yake imeandikwa nini. Kama ni ya kuonyesha umehudhuria, tia. Kama inasema umekubali, uliza umekubali nini.

Sasa maswali, na tuanze na akina mama walioketi nyuma.