Ng'ombe wa Kukabidhiwa: Maneno ya Kamati ya Elimu Kuhusu Vishikwambi vya Watoto Wetu



Tumetumwa kueleza hali ya vishikwambi na kompyuta ambazo chama hiki kilichangia kwa shule ya sekondari ya nyumbani. Tulikwenda kuviona kiangazi kilichopita. Njiani tulikuwa na wasiwasi wa kukuta vioo vimepasuka. Hatukukuta kioo kilichopasuka. Tulikuta vishikwambi vipya kabisa, na hilo ndilo lililotusikitisha.

Binti mmoja wa kidato cha pili alitutolea chake. Mama yake alikuwa amekifunga kwenye kanga, kanga akaitia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko akauweka chini ya sanduku la nguo. Tangu akabidhiwe alikuwa amekiwasha mara mbili. Tukamuuliza kwa nini. Akajibu, "Baba alisaini kwamba kikiharibika atalipa."

Ndugu zetu, karatasi ile tuliiandika sisi. Si mwalimu, wala si halmashauri. Ni sisi wa kamati hii, tumekaa mjini kwenye viti vizuri, tukidhani tunalinda mali ya chama. Tulisahau kwamba baba anayeshinda kwenye duara miezi mitatu bila kuiona dhahabu hawezi kuweka saini ya deni kama lile kisha amwache mtoto akibofye apendavyo. Shuleni nako mambo yalikuwa yaleyale. Kompyuta zilifunikwa vitambaa vya kufuma kama redio za zamani, na mlangoni kulikuwa na kufuli mbili.

Wazee mlioko hapa mnajua jinsi ng'ombe wanavyokabidhiwa kwetu Usukumani. Mwenye mifugo mingi humpa ndugu au jirani ng'ombe kadhaa awatunze. Mtunzaji anakunywa maziwa, samadi anapeleka shambani. Ng'ombe akifa, huwahi kwa mwenyewe na kumwonyesha ngozi, hafichi. Wala hatujasikia mwenye ng'ombe aliyemwambia mtunzaji, "Wafungie zizini wasije wakavunjika mguu." Sisi tulikabidhi ng'ombe, tukakataza kukamua.

Wapo watakaosema watoto wa vijijini hawawezi kutunza vitu hivi. Kwa hao tunawakumbusha Tanga. Kati ya 2017 na 2019, katika shindano la kimataifa la XPRIZE, watoto wa vijiji karibu 170 vya mkoa ule walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili. Wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Walikaa navyo kwa miezi 15, wakivichaji kwenye vituo vya umeme wa jua vilivyowekwa vijijini. Mwanzoni zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Kama wadogo wale waliviweza, itakuwaje wa sekondari washindwe?

Hatusemi viachwe hovyo. Nyumbani kwetu kuna adui zake, na mnawajua. Vumbi la kuanzia Juni hadi mvua zianze huingia kwenye tundu la chaja hadi waya haushiki. Dawa yake ni begi lenye sponji na brashi laini kavu, si kupuliza kwa mdomo, maana mate ni maji. Umeme nao: karasha zikiwashwa taa zinafifia, zikizimwa taa zinaruka, na kompyuta iliyochomekwa moja kwa moja ukutani ndiyo inayolipia. Halafu kuna radi. Ukanda wetu huu wa Ziwa una radi nyingi mno, kwa hiyo wingu likiwa jeusi chaja zote zichomolewe, hata kama mtihani ni kesho.

Betri ndiyo iliyotufundisha zaidi. Betri hizi zikiisha chaji kabisa zikaachwa miezi, zinaweza kufa zenyewe. Likizoni kifaa kinatakiwa kizimwe kikiwa na chaji kama nusu, kiwekwe mahali penye ubaridi, si chini ya bati, na kiangaliwe kila baada ya wiki chache. Vishikwambi viwili tulivyovikuta vimekataa kuwaka vilikuwa miongoni mwa vile vilivyofichwa vizuri kuliko vyote. Havikuwahi kuanguka hata siku moja.

Lipo pia jambo la rashi. Ikisikika dhahabu imetoka mahali, familia inahama usiku, na mtoto anahama na kishikwambi. Kwa hilo tumekubaliana na walimu kila kifaa kichorwe namba mgongoni, na daftari la kukabidhi litiwe saini kila mwisho wa muhula, kwa kukiona kwa macho.

Sasa ombi letu. Mwaka huu hatuombi vishikwambi vipya, ingawa tunajua ndivyo vinavyopendeza kwenye picha. Tunaomba mfuko wa matengenezo. Ile karatasi ya deni tumeifuta. Badala yake mwanafunzi ataahidi kitu kimoja: kikipata hitilafu, alete taarifa ndani ya siku tatu, na mfuko utalipa fundi. (Atakayekiuza, hilo ni shauri jingine, na wazazi tulioongea nao wanasema tuwaachie wao.) Mafundi simu tunao, Kahama na Katoro wamejaa, na kubadilisha kioo ni kazi yao ya kila siku. Mabegi yatashonwa na mafundi cherehani wa nyumbani. Tunahitaji pia stabilaiza za chumba cha kompyuta na kabati la kuchajia lenye matundu ya hewa, kwani lile la sasa ni la kuhifadhia vitabu na vifaa vinachemka humo.

Binti yule tulimwachia namba ya mwalimu wa kompyuta, tukamwambia karatasi imefutwa. Mama yake hakutuamini. Alitaka aione ikichanwa. Karatasi hiyo tunayo hapa, pamoja na nyingine zote, na tutazirudisha kwa wenyewe zikiwa zimechanwa tutakapopeleka mabegi. Mweka hazina amekaa pale mlangoni na daftari.