Gari Likigonga "Ko!" Chini, Usingoje Propela Ianguke

Ifuatayo ni hotuba ya mkufunzi wa ufundi wa magari kwa madereva, wenye magari na vijana wanaojifunza ufundi. Tunaichapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuisikiliza.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja tu: ile sauti ya "ko!" inayosikika chini ya gari dereva anapoachilia klachi, au anapotoka rivasi kuingia gia ya kwanza. Wengi wetu huongeza sauti ya redio na kuendelea na safari. Leo ninaomba tuzime redio, tusikilize.

Nitazungumzia hasa magari yanayoendeshwa na magurudumu ya nyuma, kwa sababu ndiyo yanayotubebea maziwa, mboga na abiria: pikapu, matatu za aina ya Toyota Hiace na malori madogo.

Sauti hiyo hutoka wapi?

Nguvu ya injini hupita kwenye klachi, ikaingia giaboksi, kisha ikasafirishwa nyuma na chuma kirefu tunachokiita propela, hadi kwenye difu na magurudumu. Giaboksi imefungwa mahali pamoja, lakini difu hupanda na kushuka kila tairi inapoingia shimoni. Kwa hiyo propela lazima iweze kujikunja huku inazunguka. Kazi hiyo hufanywa na krosi, yaani msalaba mdogo wa chuma wenye ncha nne. Kila ncha imekaa ndani ya kikombe, na ndani ya kikombe mna vijiti vyembamba kama sindano vilivyolainishwa kwa grisi.

Barabara zetu za murram zina vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Maji yakiingia kwenye kikombe, grisi huharibika, kutu huingia, na vile vijiti huanza kuula msalaba. Nafasi ikishapatikana, kila nguvu inapobadilisha mwelekeo vyuma hugongana. Hiyo ndiyo "ko!" yenu.

Krosi iliyolegea haijiponyi. Ikikatika upande wa nyuma, propela huzunguka ovyo na kupiga sakafu, mabomba ya breki, hata tangi la mafuta. Ikikatika upande wa mbele gari likiwa mwendoni, ncha ya propela inaweza kushuka barabarani, ikachimba lami na kuliinua gari. Na abiria wameketi juu yake. Ndiyo maana Sheria ya Barabarani, Sura ya 403, inataka gari litunzwe katika hali isiyohatarisha mtu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sikiliza kabla ya kununua

Watu wengi hununua krosi mpya, wakaifunga, na sauti ikabaki. Sababu ni kwamba walinunua kabla ya kutafuta. Anzeni na jambo rahisi kuliko yote: kazeni nati za magurudumu. Tairi iliyolegea hugonga pia, na inaweza kuchomoka.

Baada ya hapo, sikilizeni sauti yenyewe. Mlio wa "kwi, kwi" wa mwendo wa polepole, unaoharakisha kadiri gari linavyoharakisha, ni dalili ya krosi iliyokauka grisi. "Ko!" moja ya kuondoka ni krosi iliyolegea, au mauntingi ya injini iliyopasuka, au bolti za springi za nyuma zilizolegea. Gari likitetemeka sakafuni katika mwendo wa kasi, shuku krosi, propela iliyopinda, au beringi ya katikati kwa magari yenye propela ya vipande viwili. Mvumo usiokatika kutoka nyuma unaweza kuwa wa difu.

Usalama kwanza

Hapa naomba vijana wanisikilize vizuri. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kushikilia gari mtu akiwa chini yake. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Tumia stendi za chuma. Matofali hupasuka ghafla, msiyatumie.

Egesha mahali tambarare na pagumu. Zima injini, toa ufunguo, vuta breki ya mkono, kisha weka vigingi mbele na nyuma ya magurudumu. Pikapu nyingi zina nafasi ya kutosha chini, kwa hiyo kwa kupima tu huhitaji hata jeki. Ngoja pia bomba la moshi lipoe.

Kupima krosi

Weka gia nyutro, vigingi vikiwa mahali pake. Shika propela kwa mkono mmoja na ule upande wa pili wa krosi kwa mkono mwingine. Zungusha mkono mmoja kulia na mwingine kushoto, kisha jaribu kuinua na kushusha. Krosi nzima haichezi hata kidogo. Ukihisi inacheza, au ukiona unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe, imekwisha. Fanya hivyo kwa kila krosi, kwa maana propela huwa na mbili au zaidi. Mchezo mdogo ndani ya difu ni wa kawaida; usiuchanganye na wa krosi.

Mauntingi hupimwa kwa watu wawili. Mmoja anakanyaga breki kwa nguvu injini ikiwa inanguruma, kisha katika gari la otomatiki anatoa D kwenda R na kurudi. Mwingine asimame kando, kamwe si mbele wala nyuma ya gari, aangalie injini. Ikiruka juu na kugonga, mauntingi imekufa.

Kubadilisha krosi

Mwenye vifaa na subira anaweza kuifanya kazi hii nyumbani. Kwanza tia alama ya rangi kwenye propela na kwenye difu mahali zinapokutana, ili zirudi vilevile. Zikirudi vingine, propela inaweza kutetemeka.

Kabla ya kufungua bolti, kumbukeni jambo ambalo limewaponza wengi: propela ikishatoka, gia haishikilii gari tena. Hata P ya otomatiki haishikilii. Kinachobaki ni vigingi vyenu, na breki ya mkono ikiwa inashika magurudumu yenyewe. Weka pia chombo chini ya giaboksi, maana propela ikichomolewa mafuta yanaweza kumwagika. Mafuta hayo yasimwagwe kwenye mtaro wala shambani.

Safisha krosi, ondoa zile klipu nne, kisha sukuma vikombe vitoke kwa jiliwa, ama vaisi kama wengi tunavyoiita, ukitumia soketi mbili: ndogo ya kusukumia na kubwa ya kupokelea kikombe. Usipige propela kwa nyundo. Masikio yake yakipinda, krosi mpya haitadumu. Nenda dukani na krosi ya zamani mkononi, mlinganishe upana wa vikombe na urefu wa msalaba.

Wakati wa kufunga, angalia vile vijiti. Kimoja kikianguka chini ya kikombe, klipu haitaingia kwenye mfereji wake. Ukiona hivyo, usilazimishe; fungua, panga upya kwa grisi. Ukimaliza, krosi ijikunje vizuri pande zote bila kukwama na bila kucheza. Kama ina nipo, tia grisi hadi ionekane ikitoka kwenye vikombe vyote vinne. Rudisha propela kulingana na alama, na kaza bolti kwa kipimo cha mtengenezaji.

Kazi ya kumwachia fundi

Krosi zisizo na klipu, propela iliyopinda na difu inayovuma si kazi ya nyumbani. Zipelekeni gereji. Lakini hata huko, anayejua kupima hauziwi difu nzima wakati kilichokufa ni krosi moja.

Wenye magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama Vitz, hawana propela. Kwao sikilizeni "ka-ka-ka" wakati wa kukata kona huku mmekanyaga mafuta. Chungulieni nyuma ya gurudumu: mfuko wa mpira ukipasuka na grisi ikarushwa kandokando, ubadilisheni mapema kabla kiungo chenyewe hakijaliwa na mchanga.

Kwa wote, tieni grisi krosi zenye nipo kila mnapomwaga oili, na pia baada ya kuvuka mto au tope zito. Msizidishe mzigo, na msiachilie klachi kwa ghafla.

Vijana wanaotaka kuujua ufundi huu zaidi, vyuo vya mafunzo ya ufundi viko chini ya serikali za kaunti. Ulizeni kuhusu kozi za magari katika chuo kilicho karibu nanyi.

Jioni ya leo, kabla ya kuegesha, zimeni redio na mwondoe gari polepole mara mbili. Ikisikika "ko!", abiria wa kesho wasipande kabla hamjachungulia chini.