MSHAHARA MMOJA, MAISHA MAWILI



Leo tumekuja tuzungumze habari ya mshahara. Tukisikia kijana wetu kapata kazi mjini, tunauliza: "Analipwa ngapi?" Swali hilo ni zuri, lakini halitoshi. Liko la pili: fedha hiyo inanunua nini huko aliko?

Tuchukue mfano wa askari polisi wa miji miwili ya Uingereza. Wa kwanza ni London, mji mkuu. Wa pili ni Liverpool, mji wa bandari.

Zamani kila jeshi la polisi la huko lilikuwa na mshahara wake. Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914. Kufika 1918, bei za vitu zilikuwa zimepanda karibu mara mbili, na mishahara ya askari imebaki nyuma. Askari alilinda duka usiku kucha, na asubuhi mkewe hana cha kununulia mkate. Mwezi wa Agosti 1918, maelfu ya askari wa London waligoma. Serikali ikawaongezea upesi.

Mwaka 1919 kamati ya Lord Desborough ilishauri mshahara uwe mmoja nchini. Askari mpya aanze na shilingi 70 kwa wiki. Lakini serikali ilitaka pia kupiga marufuku chama cha askari. Mwezi wa Agosti mgomo ukazuka tena. Safari hii askari wa London waliogoma walikuwa wachache. Liverpool waligoma zaidi ya 900. Maduka yaliporwa, wanajeshi wakaitwa. Askari wote waliogoma walifukuzwa, wasirudishwe tena. Jamani, fikirini watoto wao walikula nini!

Basi, tangu hapo mshahara ukawa mmoja. Je, na maisha yakawa mamoja? Hata kidogo. Kodi ya nyumba London ni kubwa kuliko ya Liverpool. Ndiyo maana hadi leo askari wa London huongezewa posho juu ya mshahara. Zamani askari walipewa nyumba au fedha ya pango, lakini walioajiriwa kuanzia Septemba 1994 hawaipati posho hiyo ya pango.

Haya, shikeni kalamu tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Askari wa Liverpool anapata 100, analipa pango 30. Anabakiwa na 70. Wa London anapata 100 na posho 10, jumla 110. Pango lake ni 60. Anabakiwa na 50. Mwenye mshahara mkubwa ndiye mwenye mfuko mwepesi! Ndiyo sababu askari wengi wa London hupanga nje ya mji, wakatumia saa nyingi njiani.

Na sisi tujifunze hapo. Kijana akituaga kwenda mjini, tusimhesabie mshahara tu. Tukae naye na daftari. Upande mmoja tuandike mapato. Upande wa pili pango, nauli, chakula, maji na kuni au mkaa. Kisha tutoe. Kinachobaki ndicho mshahara wake wa kweli. Tena tusimlaumu haraka asipotuma kitu nyumbani. Pengine pango limemmaliza.

Kisomo ni pamoja na kujua kutoa, si kujumlisha peke yake.