Sauti ya Bwana Wake



Ndugu wasikilizaji wapenzi, katika Dominika hii ya pili ya mwaka B, somo la kwanza latupeleka Shilo, usiku, taa ya Mungu ikiwa haijazimika bado. Kijana Samweli amelala. Anaitwa kwa jina lake, anaamka, anamkimbilia mzee Eli na kumwambia kwamba yupo. Eli anamjibu kuwa hakumwita, naye anarudi kulala. Jambo hilo latokea mara tatu. Kitabu Kitakatifu chatueleza sababu yake: Samweli alikuwa hajamjua Bwana bado. Sauti aliisikia vizuri, na masikio yake yalikuwa mazima. Alichokikosa ni mtu wa kumwambia ni nani aitaye.

Leo twapenda kulitafakari neno hili kwa msaada wa chombo ambacho vijana wetu wengi hawakukiona kikifanya kazi, yaani gramafoni pamoja na santuri zake.

Sisi tuliokulia katika vihamba vya miteremko ya Mlima Meru, miaka ya 1960, twaikumbuka gramafoni ya kwanza kufika kijijini. Haikuhitaji umeme, nao umeme haukuwapo. Lilikuwa sanduku la mbao lenye mpini ubavuni. Ulipouzungusha mpini, utepe wa chuma uliojikunja ndani ulikazwa kama ule wa saa, na ulipojikunjua taratibu uliizungusha santuri mizunguko 78 kwa dakika. Sindano ya chuma ilipita katika mfuo mwembamba uliochorwa juu ya sahani ile nyeusi, nayo mawimbi ya mfuo yakaitikisa sindano, kiwambo chembamba kikatetemeka, na sauti ikatoka. Upande mmoja ulidumu dakika 3 hivi tu, kisha ilipasa kuigeuza santuri, kubadili sindano na kuukaza mpini upya. Chuma kilipolegea kabla wimbo haujaisha, sauti nyororo ya mwimbaji ilizidi kuwa nzito mpaka ikafanana na ya fahali, nasi watoto tukaangua kicheko.

Santuri zile zilivunjika upesi kama sahani za udongo. Kwa hiyo watoto tuliruhusiwa kuzungusha mpini, lakini santuri yenyewe iliguswa na mwenye nyumba peke yake, aliyeinunua mjini Arusha kwa fedha za kahawa. Majirani walikaa juu ya mabenchi na magogo uani, wazee mbele, akina mama pembeni, sisi chini kwenye majani. Hapakuwa na mtu aliyesikiliza peke yake.

Katikati ya santuri nyingi za siku hizo palikuwa na picha ya mbwa aliyeinamisha kichwa mbele ya pembe ya gramafoni. Mbwa huyo aliishi kweli huko Uingereza, na jina lake lilikuwa Nipper. Mchoraji Francis Barraud alimchora katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na picha ile ikaitwa kwa jina lenye maana ya Sauti ya Bwana Wake. Sisi watoto tulimpenda mbwa yule bila kujua anatufundisha nini. Mgeni angesimama mbele ya pembe ile na kusikia maneno tu. Mbwa alimsikia bwana wake, kwa kuwa alikuwa amekula mkononi mwake na kulala mlangoni pake.

Kampuni yenye picha hiyo ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad wa Unguja. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay, wakaimba huko, na santuri zao zikauzwa Afrika Mashariki. Sauti yake ilipofika katikati ya migomba yetu, Kiswahili chake cha pwani kilitupita nusu nzima. Ndipo mtoto mmoja alipouliza, "Baba, huyu anayeimba ni nani?" Mzee hakukasirika. Aliinua sindano, wimbo ukakoma, akasema, "Huyu ni Siti, mwanangu. Alizaliwa katika umaskini, akatembeza vyungu vya udongo akiviuza, na Mungu akamjalia sauti." Kisha alitufafanulia mafumbo ya wimbo, neno kwa neno, akairudisha sindano mahali pake. Mara ya pili tuliusikia wimbo uleule, lakini sasa tulimsikia mtu.

Hayo ndiyo yaliyotokea Shilo. Mara ya nne Samweli hakusikia sauti mpya. Ni sauti ileile, ila sasa mzee amekwisha kumwambia ni ya nani, na jinsi ya kuiitikia.

Je, yatokea nini sauti inapofika bila mzee wa kuieleza? Tuwatazame jirani zetu wa Kenya, katika nchi ya Wakipsigis. Santuri za mwimbaji mmoja Mmarekani, Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka 1933, zilifika huko, na vijana wakaipenda sauti yake kupita kiasi. Lakini hapakuwa na aliyemjua. Jina lake likageuka katika vinywa vyao likawa Chemirocha, naye mwenyewe akageuzwa kiumbe cha ajabu, nusu mtu na nusu paa. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa huko wakimwimbia Chemirocha na kumwalika acheze pamoja nao. Wimbo ule ni mzuri na hauna dhambi yoyote. Lakini mtu wa kweli, aliyeugua na kufa kama sisi, alikwisha kupotea ndani ya hadithi.

Wapendwa, Chemirocha ni hadithi ya kuchekesha. Yapo ya namna hiyo yasiyochekesha. Siku hizi kijana wa Ngarenaro, wa Tengeru au wa Ngaramtoni hubeba mfukoni sauti nyingi kuliko santuri zote zilizowahi kuuzwa mjini Arusha. Huziba masikio yake kwa visikilizio akiwa ndani ya daladala, akiwa shambani, akiwa kitandani. Zimo humo sauti njema. Zimo pia sauti zinazolitaja jina la Yesu huku zikiuza mafuta, maji na ahadi za utajiri. Mama mjane auza debe lake la mahindi ili atume sadaka kwa namba ya simu aliyoitangaziwa na mtu asiyemjua, kwa kuwa sauti ile ilimwita kwa upole. Naye, kama Samweli, ameamka na kukimbia kwa moyo safi. Kosa si lake la kukimbia. Hapakuwa na mtu karibu wa kumwambia, "Siye huyo, rudi ukalale."

Bwana wetu, katika Injili ya Yohane, asema kwamba kondoo humfuata mchungaji kwa sababu waijua sauti yake, na kwamba humkimbia mgeni. Lakini kondoo hazaliwi akiijua. Huijua kwa kushinda naye malishoni. Ndiyo sababu Injili ya leo yatuonyesha wanafunzi wawili walioelekezwa kwa Yesu na Yohane Mbatizaji. Yohane aliwaonyesha kwa kidole, nao wakamfuata Yesu mpaka mahali alipokaa, wakashinda naye siku ile. Kwanza yupo aonyeshaye, kisha kuna kukaa pamoja.

Hapo lakuja neno kwetu sisi tulio wazazi, wazee na makatekista. Huenda mmoja wetu akasema, "Mimi nani niwafundishe vijana wa leo? Macho yangu hayaoni maandishi ya simu zao, na nyumba yangu mwenyewe ina matatizo." Basi amtazame Eli. Macho yake yalikuwa yamefifia. Wanawe walikuwa wamemshinda, na aibu yao ilijulikana Israeli nzima. Zaidi ya hayo, neno la kwanza alilopewa Samweli usiku ule lilikuwa la hukumu juu ya nyumba ya Eli mwenyewe; na asubuhi mzee yule alimtaka kijana asimfiche hata neno moja. Pamoja na udhaifu wake wote, Eli aliitambua sauti ya Mungu pale ilipomwita mtoto, naye hakumnyima mtoto maarifa hayo. Mungu hakungoja mzee asiye na doa. Alimtumia aliyekuwapo.

Kwa hiyo twawaomba mambo mawili katika juma hili. La kwanza ni kwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Mtakapokutana, mpeni nafasi mzee mmoja au bibi mmoja aeleze, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, ni nani aliyemfundisha kusali, na ni siku gani alitambua kuwa Mungu anamwita. Msimharakishe. Watoto waketi mbele, wapewe ruhusa ya kuuliza.

La pili ni kwenu vijana. Simu zenu zina uwezo ambao babu zetu wasingeuota: zaweza kuhifadhi sauti. Kule kwa Wakipsigis, zaidi ya miaka 60 baada ya Tracey kupita, rekodi zake zilirudishwa kijijini, na familia zikazisikia tena sauti za watu wao. Msisubiri mgeni atoke mbali kuja kurekodi nyimbo za bibi zenu. Mrekodini sasa, angali hai. Lakini kabla ya kurekodi, kaeni naye. Mkimrekodi bila kukaa naye, wajukuu wenu watabaki na sauti isiyo na mtu.

Ee Bwana, uliyemwita Samweli kwa jina lake, wape watoto wetu masikio ya kukusikia, na uwape wazee walio karibu nao, watakaowaambia kwa uhakika kwamba ni Wewe. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.