Ada ya Wazee na Sheria ya Dini
Hotuba kwa Waislamu wa Puta na ufuko wa Mweru

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu, akina baba na akina mama, wazee na vijana: Wahenga walisema, "Mwacha mila ni mtumwa." Neno hili husikika sana matangani, siku mali ya marehemu inapotaka kugawanywa. Mmoja husema, "Hii ndiyo mila." Mwingine hujibu, "Hiyo siyo dini." Na mjane hukaa pembeni na wanawe, akingoja kujua kama usiku ule atalala nyumbani mwake. Basi yafaa kutazama jinsi taifa jingine la Kiislamu lilivyozipima ada zake, kisha kurudi hapa ufukoni.

Katika milima ya Kaukasi, baina ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, wanakaa Wachecheni. Ni Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafi, kama walivyo Waswahili wa pwani. Wengi wao hufuata tarika ya Kadiria, aliyowafundisha Kunta Haji katika karne ya 19. Na tarika hiyo hiyo ndiyo iliyoenezwa Unguja na bara na Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909. Nchi yao ina theluji, lakini dhikri yao si ngeni kwa masikio ya Afrika ya Mashariki.

Mila zao Wachecheni huziita adat, nalo ni neno la Kiarabu lile lile ambalo kwa Kiswahili ni ada. Ada huwaamuru kumpa mgeni chakula na ulinzi, ajapokuwa adui. Kijana husimama mzee anapoingia. Tena husimuliwa kwamba wanaume wakishikiana majambia, na mwanamke akautupa mtandio wake katikati yao, hawana budi kuacha. Hizo ni ada njema. Lakini ilikuwapo na ada ya kisasi: mtu akiuawa, jamaa zake waliweza kumwua hata ndugu wa muuaji asiye na kosa, na deni la damu likarithiwa na wajukuu.

Imamu Shamil, aliyewaongoza Waislamu wa milima hiyo tangu 1834 hata 1859, alijitahidi kuitia ada ya kisasi chini ya sheria, asidaiwe damu ila aliyeua. Kunta Haji naye alihubiri amani, mpaka Warusi walipomkamata mwaka 1864. Ugeni mwema haukuondolewa. Kilichopigwa vita ni dhuluma. Na wazee wakipatanisha, mwenye damu huja na ndevu zisizonyolewa, kichwa kimefunikwa, na mmoja wa jamaa za marehemu humnyoa kuwa alama ya msamaha.

Mnamo tarehe 23 Februari 1944, serikali ya Stalin iliwapakia Wachecheni na jirani zao Waingushi, wapatao nusu milioni, katika mabehewa ya mizigo, ikawahamishia Kazakhstan na Kyrgyzstan. Watu wengi sana walikufa kwa baridi, njaa na maradhi. Dhikri ilisomwa majumbani. Waliporuhusiwa kurudi mwaka 1957, wengine walibeba mifupa ya wazee wao wakaizike kwao. Ada iliyowahifadhi ugenini haikuwa ya kisasi. Ilikuwa ada ya kulishana na kuzikana.

Na ufuko huu wa Mweru je? Uislamu ulifika huku na misafara ya biashara. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammad, aitwaye Tippu Tip, alimshinda Nsama wa Watabwa. Na mwaka huo huo Livingstone alimkuta Muhammad bin Saleh akikaa kwa Mwata Kazembe. Misafara hiyo ilibeba pembe, ikabeba na watumwa, hilo halifichiki. Basi si kila kilichokuja na Waislamu ni Uislamu, wala si kila kilichokuwapo kabla yao ni upotovu.

Waliwakuta watu wahesabuo ukoo upande wa mama, na koo zao zina utani uitwao bunungwe: Mamba na Samaki, Chui na Mbuzi. Msiba ukitokea, watani huja kuzika na kuwatuliza wafiwa. Ada hii na ishikwe, maadamu maiti ya Mwislamu imeoshwa, imekafiniwa na kusaliwa kama ipasavyo.

Lakini jamaa wa marehemu wakija kuchukua nyumba, mtumbwi na nyavu, na mpwa akirithi huku yatima wanatazama, hapo pana dhuluma. Katika sheria ya dini, baada ya kulipwa madeni na kutimizwa wasia, mjane wa mume aliyeacha watoto ana thumni, yaani sehemu moja katika nane. Wazazi wana fungu lao, na watoto, wa kiume na wa kike, wana lao. Mpwa hana fungu watoto wakiwapo. Sheria ya Zambia ya mwaka 1989 nayo, kwa afaye bila wasia, huwapa watoto asilimia 50, mjane 20, wazazi 20, na wategemezi wengine 10. Basi amnyang'anyaye mjane, dini yamkataza na serikali yamkataza. Na Mwislamu atakaye mali yake igawanywe kwa mafungu ya dini, na aandike wasia angali mzima, mbele ya mashahidi wawili, asiwaachie jamaa ugomvi.

Mvuvi wa Mweru, uvuvi ufungwapo kila mwaka kuanzia Disemba, hukaa akautengeneza wavu wake. Hautupi wote kwa sababu ya tundu moja, wala hauingizi majini na tundu lake. Ada za wazee ni hivyo hivyo. Mwacha mila ni mtumwa, ni kweli. Lakini amlaye yatima hakushika mila wala dini.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awalinde wajane na mayatima wa ufuko huu, na awape walio hai moyo wa uadilifu. Amin.

Wabillahi tawfiki. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.