Mahali wanapoona pori tu
(Mazungumzo kwenye mkutano wa memba, Baraka)



Nianze na kosa langu. Mwaka jana nilipiga picha ya kiwanja cha mama mmoja, memba wetu, upande wa Mutambala. Nilisimama barabarani, nikapiga, nikatuma. Mfadhili akajibu: "Hapa kuko pori tu. Kijiji kilikuwa wapi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Picha yangu ilionyesha majani na mlima, basi.

Nikarudi pamoja na mzee anayejua pale. Akaniambia: angalia ile miembe. Iko sita, yote kwa mstari. Embe ikianguka yenyewe haioti kwa mstari. Chini ya majani kulikuwa vipande vya matofali ya kuchoma, na jiwe la kusagia limelala kifudifudi. Na michikichi mirefu namna ile, kuna mtu aliipanda mbele ya vita ya 1996. Kumbe si pori. Ni kazi ya watu wenye walivuka ziwa.

Toka siku ile napiga namna ingine. Napiga kiangazi, majani yakiwa yamekauka. Naenda asubuhi sana, jua likitoka upande wa ziwa na lingali chini: msingi wa nyumba uliokwisha kabisa unatupa kivuli, unauona kama mstari. Saa sita huoni kitu. Naweka jembe ili ukubwa ujulikane, na naacha kilele kimoja cha mlima kionekane, ili mwakani mtu mwingine asimame palepale. Tarehe na jina la mahali naandika kwenye daftari. Simu inaibiwa.

Sasa lile gumu. Yule mama aliniomba mihogo isionekane kwenye picha. Mihogo ni ya jirani, analima pale toka wakati sisi tuko Lugufu na Nyarugusu. Nilikataa. Mama alikasirika, wiki mbili hakunisalimia. Lakini picha inayoficha mihogo itaanguka mbele ya shefu siku ile jirani ataleta yake. Tena sisi pia tumegeuza udongo wa wenyewe. Mimi nilikomalia Lugufu. Kila mwaka wamama walienda mbali zaidi kutafuta kuni, kwa sababu miti ya karibu tulikuwa tumeimaliza.

Picha za miembe na za mihogo, zote ziliwekwa kwenye meza ya shefu. Walipatana jirani avune kwanza. Mpaka bado, wanabishana juu ya mwembe wa sita.

Mwezi wa saba tunarudi. Anayejua mahali pa msingi wa zamani ajiandikishe kwa sekretari. Msifyeke kabla hatujafika, mtaondoa na matofali. Na tukipita karibu na askari au machimbo, simu zote mfukoni.