Mwanamke Asiyeolewa katika Historia ya Ukoo: Kutoka Uru hadi kwa Alice Werner



Anayeandika historia ya ukoo huko Uru, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, huanzia kwenye kihamba. Hutajiwa babu aliyekifyeka, wanawe waliokirithi, na wajukuu waliogawana mipaka. Wake nao hutajwa, kwa kuwa wamezaa. Lakini binti aliyebaki nyumbani bila kuolewa, akawalea watoto wa kaka zake na kuwasimulia hadithi jikoni, mara nyingi hatajwi. Nasaba hufuata uzao wa wanaume. Asiyezaa huonekana kuwa tawi kavu.

Hali hii si ya Uchaggani peke yake. Huko Uskoti, ambako uandikishaji wa kisheria wa vizazi, ndoa na vifo ulianza mwaka 1855, mwanamke wa enzi ya Malkia Victoria ambaye hakuolewa aweza kuonekana mara mbili tu katika daftari hizo: alipozaliwa na alipofariki. Mtafiti mwangalifu humtafuta kwingine. Katika sensa ya kila miaka kumi humkuta akiishi kwa kaka au dada. Katika wosia na barua huona aliyemtunza na waliomtegemea.

Taaluma ya Kiswahili ina mfano wake. Alice Werner alizaliwa Trieste mwaka 1859, wala hakuolewa. Akitafutwa kwa wazao, hapatikani. Akitafutwa kwa nduguye na kwa kazi yake, anaonekana waziwazi. Kati ya mwaka 1911 na 1913 alizuru Afrika Mashariki, akajifunza kwa Wapokomo, Wagiriama na Waswahili wa Lamu. Mwaka 1921 alikuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu mjini London. Mwaka 1927 alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili pamoja na dada yake, Mary. Mwaka 1934, mmoja kabla ya kifo chake, yeye na William Hichens walichapisha Utendi wa Mwana Kupona. Utenzi huo, uliotungwa mwaka 1858, ni wasia wa mama kwa bintiye juu ya wajibu wa mke. Aliyeuhariri hakupata kuwa mke wa mtu.

Tena, kumtafuta Werner ni kuwakuta na wengine. Nyuma ya kazi ya wataalamu wa London yupo Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na mnakili wa tenzi, ambaye kalamu yake iliwapatia hati.

Shangazi wa Uru hakuacha vitabu. Hata hivyo, njia ya kumfikia ni ileile. Mtafiti na asiishie kwa wazee wa ukoo. Awaulize wale aliowalea. Asome daftari za ubatizo za parokia, aangalie majina ya wasimamizi. Arekodi kwa Kiuru hadithi zilizotoka kinywani mwake, na amtaje aliyezisimulia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanamke haki sawa na ya mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Ukoo unaomsahau shangazi husahau pia mikono iliyokipalilia kihamba.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Historia ya ukoo inayohesabu waliozaa pekee imeiacha kazi yenyewe nje ya kitabu. Waliolelewa na mashangazi hao sasa ni wazee, na wakiondoka wao, hapatakuwa na wa kuulizwa.